Mahali pa Uzi wa Nane

Sikuwa na baba aliyejua kusoma. Sikuwa na kalamu yangu mwenyewe hadi nilipotimiza miaka hamsini. Sikuwa na gitaa, sikuwa na mwalimu wa muziki mwenye cheti, na redio niliipata mwaka wa sabini na mbili, ikiwa imeshatumiwa na watu wawili kabla yangu. Sikuwa na mti hata mmoja ulio wangu, ingawa maisha yangu yote nimeranda mbao. Meno mawili ya mbele sikuwa nayo, kwa hiyo hata mluzi sikuweza kupiga. Na litungu langu, chombo cha muziki chenye nyuzi, halikuwa na uzi wa nane, kwa sababu litungu la kwetu Bukusu lina nyuzi saba, na ukiongeza mmoja wazee watakuuliza unatafuta nini.

Lakini jina nilikuwa nalo. Naitwa Simeon Nalianya, fundi seremala, mkazi wa Soweto, Kibera. Mkoloni mwenyewe, aliyenivalisha kipande cha kitambulisho shingoni kama kengele ya ng'ombe, alilijua jina hilo na kuliandika vizuri. Mwenye nyumba analijua. Karani wa kanisa la Marafiki analijua, na nikikosa ibada mara mbili hulisoma mbele ya watu. Basi mwaka wa themanini na nne, ule mwaka wa ukame tuliokula mahindi ya njano, watu fulani wa mjini waliandika kwa chapa, kwa herufi zinazosomeka, kwamba sijulikani. Jambo hilo sijalimeza hadi leo.

Mimi si mwanamuziki wa baa. Sijapata kupiga mahali panapouzwa tikiti wala chupa. Napiga nyumbani, Jumapili baada ya kanisa, nimeketi kwenye kigoda nilichokichonga mwenyewe, mlango wazi. Chumba chetu kinatazama bondeni, kule maji yanakoelekea bwawani. Miaka ile ya kwanza matete yalikuwa bado yamesongamana huko chini, na asubuhi ndege walikuwa wengi kuliko watu. Niliwajua kwa sauti kabla sijawajua kwa sura. Kwarara nilimjua kwa makelele yake ya kugombana akiruka. Kuna mmoja mdogo ambaye hadi leo sijamwona, analia noti mbili tu, na hizo mbili amezipanga vizuri kuliko kwaya yetu.

Kibera, kama una masikio, ni shule. Nyimbo za harusi za akina mama wa Kinubi nilizisikia upande wa juu, nikazileta kwenye litungu. Rumba ya Kongo iliyopenya ukuta wa udongo kutoka kwa jirani niliichukua pia. Magitaa nikamwachia mwenyewe, nikabaki na ule mwendo wake wa mtu asiyechelewa mahali. Tenzi za kanisa nilizipiga polepole zaidi ya mwalimu wa kwaya anavyotaka. Lakini nilizozipenda kuliko zote ni nyimbo za kale. Wimbo wa kale ni kama kiti kilichokaliwa na watu wengi. Mikono yake imelainika bila msasa.

"Wewe ni redio isiyozimwa," mke wangu Nasipwondi huniambia, huku akimwagilia sukuma wiki zake kwenye mikebe mitupu ya mafuta ya Kimbo. Lakini nikinyamaza sana huja mlangoni kuuliza kama ninaumwa.

Wimbo uliozua mambo haya sikuurithi kwetu. Nilipewa na Mjaluo, Lazarus Okeyo.

Mwaka wa sitini na sita nilijiandikisha katika darasa la ngumbaru huko Kawangware, kwenye ukumbi wa kanisa. Tulianza saa kumi na moja jioni, watu wazima wenye vumbi la kazi, magoti yetu hayaingii chini ya madawati ya watoto. Okeyo alikuwa bawabu wa lango. Sisi ndani tulisoma a, e, i, o, u. Yeye nje alikuwa ameilaza nyatiti, chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane, chini mbele yake, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa chombo, tak, tak, naye akitucheka.

"Ingia usome," nikamwambia siku moja.

"Nisome nini, omera, ndugu yangu? Nyinyi mnaandika kwa sababu mnasahau. Mimi sisahau, sasa niandike ya nini?"

"Utaibiwa siku moja kwenye karatasi, wala hutajua."

"Nikiibiwa kwenye karatasi nitakuja kwako, mwalimu."

Tukawa marafiki kwa njia hiyo ya kubishana. Nikitoka darasani nilikaa naye hadi giza liingie, na ndipo nilipousikia wimbo wa dudumizi.

Dudumizi ni yule ndege wa kahawia anayejificha kwenye matete na kulia mvua inapokaribia. Sauti yake inashuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Okeyo alizishuka nyuzi zake nane namna hiyo hiyo, mmoja baada ya mwingine, na wa nane, ulio mzito kuliko wote, ndio ulikuwa tone la mwisho. Mwanzo wa wimbo ulikuwa wa babu yake, mzee wa Uyoma. Kule kushuka kulikuwa kwake mwenyewe. Alikaa kando ya mto wa Kawangware misimu mitatu ya mvua akimsikiliza yule ndege hadi akampata.

Mimi nilihitaji miaka miwili kuuhamishia kwenye litungu. Kila nikifika chini nilikwama, kwa sababu uzi wa nane sina. Nikaamua kutoboa tundu niongeze mmoja. Okeyo akanikataza.

"Usiharibu chombo cha babu zako kwa sababu ya wimbo wangu. Mahali pa uzi wa nane, taja jina. Sema 'Okeyo'. Liangushe zito, kama tone."

"Kila mara?"

"Kila mara. Kwetu mtu hapigi wimbo wa mwenzake bila kusema nani alimpa. Hiyo ndiyo asante yangu. Nyingine sitaki."

Nikamwahidi. Miaka kumi na sita nilishika ahadi hiyo. Hata majirani waliizoea: nikishuka hadi chini, watu wa vyumba vya pili na vya tatu, ambao hawajawahi kumwona mtu huyo, huitikia ukutani, "Okeyo!"

Mwaka wa themanini na mbili kiharusi kilimchukua Okeyo mkono wa kulia. Nyatiti ikatundikwa ukutani. Tangu siku hiyo wimbo ule haukuwa na mahali pengine pa kukaa duniani ila kwenye nyuzi zangu saba.

Mwezi wa pili wa mwaka ule wa ukame, bwana mmoja aliyeitwa Mutiso alishuka hadi kwetu Soweto akiwa amevaa suti, viatu ameshika mkononi kwa sababu ya mtaro wetu wa maji machafu uliokatiza njia. Alisema ametoka Studio ya Nyota Saba, mjini, na kwamba wanakusanya nyimbo za wazee kabla hazijapotea. Alizungumza kwa adabu. Alikunywa chai yetu vikombe viwili. Aliniuliza jina, nami nikamtajia herufi moja moja, kwa maana herufi hizo nilizipata kwa taabu na napenda kuzitumia. Akaziandika kwenye daftari. Nilimwona.

Kisha akaweka mashine yake juu ya meza na kuniambia nianze. Nikapiga mzunguko wa kwanza, nikashuka, nikasema, "Okeyo."

Akainua mkono. "Samahani, mzee. Huyu Okeyo ni nani?"

"Ndiye aliyenipa wimbo."

"Sasa unaona, mwenye kununua kanda hamjui Okeyo. Akisikia jina, jina, jina, atafikiri ni tangazo la kifo. Hebu tuliache. Piga wimbo mtupu."

Niliitazama ile mashine. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inanitazama mimi, na magurudumu yake mawili yalikuwa yanazunguka kwa ajili yangu. Mtu wa miaka sitini na minane ambaye hajawahi kungojwa na kitu chochote isipokuwa vitanda vya wateja. Nikapiga. Mahali pa uzi wa nane nilifunga mdomo nikavumisha, mmm. Nilijiambia ni mara hii moja tu. Lakini mwisho kabisa, kabla hajazima, nilisema upesi, "Ni mimi, Nalianya wa Soweto."

Mutiso akacheka. "Hiyo iko sawa, mzee," akasema, akabonyeza kitufe.

Miezi sita ikapita. Jumamosi moja ya mwezi wa nane tulikwenda Soko la Toi, mimi na Nasipwondi, kutafuta koti la mitumba la kuvaa kanisani. Mahindi yalikuwa hayaonekani, vumbi limeingia hadi kwenye meno, na dudumizi alikuwa hajalia bondeni mwaka mzima. Tulipopita kibanda cha kanda, nikasikia litungu langu likitoka kwenye spika iliyofungwa kwa waya juu ya nguzo.

Mtu hawezi kukosea chombo alichokichonga mwenyewe. Uzi wangu wa tatu una mlio wa kukwaruza kidogo, kwa sababu kigingi chake ni cha mpera na vingine ni vya mti mwingine.

Mwenye kibanda aliitwa Ouma. Nikamwuliza, "Hiyo ni nini?"

"Hiyo, mzee buda, ni Ndege wa Mvua. Imeisha karibu yote. Watu wanasema ukiipiga mvua itanyesha."

"Imenyesha?"

"Bado. Lakini wananunua."

"Anayepiga hapo ni mimi."

Ouma akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Sawa, buda. Na mimi ndio nilitengeneza hii Ngong Road."

Watu wawili waliokuwa wakichagua suruali wakacheka. Wimbo ukashuka, ukafika chini, spika ikasema mmm, na Nasipwondi, bila kufikiri, akaitikia, "Okeyo." Kisha akanigeukia. "Mbona hukulitaja?"

"Nyamaza, mama. Nipe miwani."

Nikasoma ile karatasi ya ndani ya kanda. Nyimbo zilikuwa kumi. Tisa zilikuwa na majina ya watu. Ya sita iliandikwa hivi: *Ndege wa Mvua. Wimbo wa asili wa Waluhya. Mpigaji hajulikani.*

Nilingoja hadi mwisho wa wimbo. Nalianya wa Soweto hakuwepo. Walikuwa wamemkata kama ncha ya mbao iliyozidi.

Nilinunua ile kanda nikarudi nyumbani bila koti. Jioni ile ile nilitoa karatasi, nikachonga kalamu, nikaanza: *Kwa Meneja. Mimi Simeon Nalianya, mtu anayejulikana sana...*

"Unajulikana na nani?" Nasipwondi aliuliza kutoka jikoni. "Na kunguni wa vile vitanda?"

"Ninajulikana na aliyekunywa chai yangu!"

"Haya, mwandikie. Lakini Baba Wepukhulu," akaniita kwa jina la mwanetu, "hukunijibu kule sokoni."

Nikaendelea kuandika. Nilikuwa na hasira ya haki, na mtu mwenye hasira ya haki hapendi kuulizwa maswali.

Jumatatu nilivaa koti langu la zamani nikaenda mjini, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwenye Studio ya Nyota Saba. Mutiso hakunikumbuka mpaka nilipomtajia ule mtaro. Hapo akacheka, akanipa kiti.

"Mzee, pole. Karani wa chapa aliandika tu. Daftari lilipotea. Na unajua, nyimbo za asili kwa kweli hazina mwenyewe."

"Hizo tisa zina wenyewe?"

"Hizo ni za vijana walio na bendi."

"Kwa hiyo mtu akiwa na bendi ana jina, na akiwa na kigoda hana? Bwana Mutiso, mkoloni alinifuata hadi kwetu kuandika jina langu, ili tu anitoze kodi. Wewe nimekutamkia herufi kwa herufi nikiwa nakupa chai, ukashindwa kulibeba ghorofa tatu?"

Wasichana wa ofisi wakaacha kupiga chapa. Mutiso akashusha sauti. "Basi tutarekebisha. Mwisho wa mwezi tunachapa karatasi mpya. Niandikie barua ya kusema wewe ndiye mtunzi na mpigaji. Mlete na shahidi mmoja anayeujua wimbo, aweke sahihi au kidole. Lakini mzee, jina ni moja tu. Nafasi ni ndogo."

Niliteremka zile ngazi kama kijana. Shahidi nilikuwa naye. Nani aujuaye wimbo ule kuliko Okeyo? Sikurudi hata nyumbani. Niliandika barua mpya juu ya ukuta wa posta, *mimi ndiye mtunzi na mpigaji*, nikaelekea Kawangware nikiwa nayo mfukoni, na njia nzima nilikuwa nikiisoma kichwani kwa raha.

Okeyo alikuwa anakaa na binti yake Risper nyuma ya maduka, upande wa Riruta Satellite. Risper alikuwa nje akikaanga samaki wa kuuza. Kwa kawaida huniita "baba" na kunipa mkia. Siku hiyo alisema tu, "Yuko ndani," akageuza samaki wake.

Okeyo alikuwa ameketi kitandani, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Nyatiti ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake.

Nikamweleza yote. Nilisimama kabisa, kwa sababu mambo kama hayo hayaelezwi mtu akiwa amekaa. Nilimweleza chai, daftari, spika ya Toi, Ouma na Ngong Road yake. "Na mwishoni, omera, mwishoni nilisema wazi, 'Ni mimi, Nalianya wa Soweto.' Wamelikata! Wamelikata jina la mtu mzima!"

Okeyo alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi. Kisha akaita, "Risper, bonyeza."

Risper akaingia akipangusa mikono, akabonyeza kitufe cha redio iliyokuwa dirishani. Kanda ilikuwa tayari ndani. Walikuwa nayo wiki mbili. Litungu langu likaanza, likashuka, likafika chini. Mmm.

"Hapo," Okeyo akasema. "Zima." Risper akazima. "Hapo ni mahali pa nani?"

"Sikiliza, Okeyo, yule Mutiso alisema..."

"Sijauliza Mutiso. Nimeuliza mahali. Nilikupa mahali, nikakwambia weka jina. Umeweka mmm. Mimi ni mmm?"

"Alisema wanunuzi hawataki majina. Mashine ilikuwa inazunguka. Ningefanya nini?"

"Majina hayakutakiwa?"

"Hayakutakiwa kabisa."

"Lakini wewe mwishoni ukasema lako. Umeniambia sasa hivi, kwa mdomo wako, tena umesimama."

Risper akacheka kidogo kwa pua, akatoka kwenda kwa samaki wake.

Nilikasirika. Nasema kweli, nilimkasirikia mgonjwa. Nilimwambia kwamba bila mimi wimbo wake ungekuwa umekufa kwenye mkono ule. Nilimwambia nimeubeba miaka yote mbele ya watu wanaocheka lugha yake. Nilimwambia wezi wako mjini, ghorofa ya tatu, na yeye amekaa kitandani kunichunguza mimi.

"Hao wa mjini sikuwafundisha kitu," Okeyo akasema. Akauinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka vizuri juu ya goti. "Aliyeniacha nje ya wimbo nilimshika vidole kwa mkono huu. Na wameandika ni wimbo wa Waluhya. Babu yangu amekuwa Mluhya, omera, bila hata kuulizwa."

Nilitoka. Nilifika hadi kwenye barabara, nikasimama karibu na mwuza makaa. Barua ilikuwa mfukoni. Haikuhitaji kitu isipokuwa kidole, na kidole chochote kingefaa. Yule mwuza makaa angeweza kuniwekea chake kwa salamu tu. Mwisho wa mwezi jina langu lingekuwa kwenye chapa. Ouma angelisoma. Karani wa kanisa angelisoma. Nilisimama pale nikilitafuta jibu la kumpa Okeyo, jibu moja tu la kumfunga mdomo, kwa maana mimi si mtu wa kukosa jibu. Nimesoma ngumbaru hadi nikapata cheti. Nikalichonga moja, nikalichonga lingine. Kila jibu nililolichonga lilikuwa na ule mwisho wa kanda ndani yake: Ni mimi, Nalianya wa Soweto.

Na hasira yangu kwa Mutiso haikupungua hata kidogo. Iliongezeka. Kwa sababu mtu aliyenitukana alikuwa pia ameniona jinsi nilivyo mwepesi kununuliwa na taa nyekundu.

Nikarudi. Okeyo hakunitazama. Mimi nami nikakaa kwenye kigoda nikatazama mlango. Tukawa hivyo hadi Risper akaweka kichwa ndani.

"Sasa mtaandika ama mtanuniana kama wake wenza? Samaki wanaisha."

Nikatoa ile barua mfukoni nikaichana mara nne. Nikaomba karatasi. Risper akanipa mbili kutoka kwenye daftari lake la wateja.

"Sema," nikamwambia Okeyo.

"Wewe ndiye uliyesoma. Andika ulivyofanya."

Nikaandika, nikamsomea: *Jina la mwenye wimbo liliachwa nje...*

"Liliachwa na nani? Upepo?"

"Okeyo, nikiandika ni mimi, watanicheka. Watasema, mzee, wewe mwenyewe ulilitoa, unatudai nini sisi?"

"Watasema hivyo," akakubali.

"Na bado unataka niandike?"

"Mimi sitaki kitu. Mimi ni mmm."

Risper alicheka mpaka akashika mlango. Okeyo naye akacheka, upande mmoja wa mdomo ukipanda na mwingine ukibaki chini, na mimi, nikiwa na hasira zangu zote, nikacheka. Kisha nikaipima karatasi ya kanda yao kwa futi yangu ya mfukoni, nikageuza karatasi yangu nikaandika upya, na hii ndiyo barua yenyewe:

*Kwa Bwana Mutiso, Studio ya Nyota Saba.*

*Bwana, wimbo mliouita Ndege wa Mvua si wa Waluhya, na mwenyewe yupo. Mwanzo wake ni wa mzee mmoja wa Uyoma. Kushuka kwake, ambako ndiko mnakouza, kulitungwa na mjukuu wake, Lazarus Okeyo, ambaye yu hai, anakaa Kawangware, na kidole chake kiko hapa chini. Mimi ni mpigaji tu.*

*Jina lake lilikuwa ndani ya wimbo. Uliniambia nilitoe, nami nikalitoa. Kosa hilo ni langu, na naliandika kwa mkono wangu ili usije ukalitumia kuniziba mdomo. Kosa la kukata jina langu ni lenu. Ama kuandika kwamba sijulikani, baada ya vikombe viwili vya chai, hilo silihesabu kama kosa. Huo ni ufidhuli.*

*Ulisema nafasi ni ya jina moja. Mimi ni seremala. Nimeipima karatasi yenu kwa futi yangu. Chini ya jina la wimbo kuna mstari wa sentimita tano na nusu usio na kazi. Majina mawili yanaenea hapo, na nimeyachora kwa ukubwa wake halisi kwenye kipande kilicho ndani ya bahasha hii. Ikiwa hata baada ya kupima mtasema bado nafasi ni ya jina moja, basi liwe LAZARUS OKEYO.*

*Niko tayari kupiga tena, na jina likiwa mahali pake. Safari hiyo mtakuja na majani yenu ya chai.*

*Simeon Nalianya, wa Soweto, Kibera.*

Nilimsomea mara mbili. Mara ya pili alifumba macho, na nilipofika kwenye herufi kubwa kidole chake cha mkono wa kushoto kiligonga ukingo wa kitanda, tak, tak.

"Hiyo sentimita ni kweli?" akauliza.

"Shika futi upime mwenyewe."

"Nitapima na nini, omera? Soma tena hapo pa ufidhuli."

Nikasoma. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Risper akachovya kidole cha baba yake kwenye masizi ya kikaango yaliyochanganywa na mafuta, kwa sababu wino wa kidole hatukuwa nao, akakikandamiza chini ya karatasi. Alama ikatoka nyeusi, nene, inanuka samaki. Nikasema watu wa ofisi wataikunja pua. Okeyo akasema waikunje.

Bahasha niliyoinunua posta nilitaka kuifunga mimi, kwa unadhifu, lakini aliishika kwa mkono wake mzima asiiachie. Aliilamba polepole kwa ule upande wa mdomo unaomtii. Ilichukua muda. Risper alitaka kumsaidia, nikamzuia. Kisha akaiweka juu ya paja, akaikandamiza kwa ngumi kutoka pembe hadi pembe, akanipa.

Stempu niliinunua dukani pale Satellite. Sanduku la posta lilikuwa nje ya duka hilo hilo, rangi imebanduka, mdomo wake umejaa vumbi la ukame. Nililipangusa kwa kiganja, nikasoma anwani mara ya mwisho, nikaisukuma barua ndani mpaka niliposikia imeanguka chini.